Mahali pa Kulima, Si pa Kulala

Kazi yangu kwa miaka yote ile ilikuwa kwenda mahali, kupatazama, kisha kuandika neno moja: panafaa, au hapafai. Panafaa maana yake familia inaweza kujenga hapo, kulima nyuma ya nyumba, kuchota maji bila kuugua, na siku ya hatari kutoka na watoto wake wakiwa hai. Hapafai maana yake yote mengine. Ninyi vijana wa biro, ofisi yetu ya viwanja, mnataka kujua tulivyofanya kazi hii kabla ya simu zenye ramani. Nitawaeleza, ila msitegemee habari za vyeo. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na kiti kilichovunjika.

Jina langu ni Mwamini. Nilizaliwa Kasenga, katika ukoo wa Waislamu ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwa wakasahau kurudi. Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu kwa sababu nilidhani biro ni biro. Papa Kashindi, mpimaji mkuu, Mfuliiru mrefu aliyelima mihogo yake asubuhi kabla ya kuja kupima viwanja vya wengine, alivitazama viatu vile, akanitazama mimi, akasema twende Mulongwe, mtaa unaobeba jina la mto wake. Akanisimamisha ukingoni mwa ziwa.

“Tembea mpaka ku mulima,” akasema. “Hesabu kila nafasi tupu inayotosha nyumba moja na bustani moja.”

Nilitembea. Nilipita kati ya nyumba zilizogusana mabega, vyoo vilivyochimbwa hatua chache kutoka visima, mihogo iliyopandwa kwenye upana wa mkeka. Nilifika chini ya mlima viatu vikiwa mkononi. Papa Kashindi alikuwa amefika kabla yangu kwa pikipiki.

“Ngapi?”

“Moja, Papa. Nyuma ya shule.”

“Ile iko makaburi,” akasema. “Sasa umeelewa kazi.”

Mji wetu ni kanda nyembamba kati ya mlima na ziwa. Mlima unashusha mawe, ziwa linapanda, na watu wanaongezeka katikati. Kila anayekuja bironi kuomba mahali pa kukaa anaomba kitu ambacho hakipo, na kazi yako ni kumtafutia.

Vifaa tulikuwa na vichache. Kulikuwa na tarieri, kile chuma kirefu cha kuzungusha kwa mikono kinachochimba shimo jembamba na kukuletea udongo wa chini uuone. Kulikuwa na utepe wa kupimia uliokatika mara tatu, kwa hiyo ulikuwa na vipimo vyake wenyewe. Ramani nyingi zilipotea miaka ya vita. Mara moja nilinunua maandazi pale mpakani Kavimvira, yakafungwa kwa kipande cha ramani yetu ya Mulongwe. Niliyala taratibu nisitie mafuta kwenye mto.

Kifaa kikubwa kilikuwa maswali ya Papa Kashindi, ambayo hakuyaandika popote. Maji ya kunywa yanatoka wapi, na maji ya kuua yanatoka wapi? Mwezi wa kwanza, kabla shamba halijatoa kitu, watu watakula nini? Wakikimbia, watakimbilia wapi, na mama mwenye mtoto mgongoni atafika kwa muda gani? Swali hilo la mwisho tulilijibu kwa miguu. Nimepanda vilima vingi vya nchi hii na kidumu cha maji mgongoni badala ya mtoto, nikitazama saa, na watu wakinionea huruma wakidhani nimefukuzwa kwangu.

Pia alinifundisha kuuliza wanawake wazee. Wanaume, alisema, watakuonyesha mpaka wa shamba lao, lakini mwanamke aliyechota maji miaka hamsini anajua mto ulipita wapi kabla hujazaliwa. Na alinifundisha jambo moja la kuogopa kuliko yote: ukiona mvua imenyesha mlimani na kijito cha chini kinapungua badala ya kujaa, usisimame kushangaa. Kitu kimeziba huko juu, na kitazibuka.

Kosa langu la kwanza nalisema wazi kwa sababu mtayafanya ya kwenu. Niliandika panafaa juu ya viwanja fulani vya kando ya ziwa, kwa sababu ziwa lilikuwa limetulia muda mrefu na wazee wawili niliowauliza walikuwa wageni wa mtaa ule kama mimi. Ziwa likapanda. Halikuua mtu; liliingia taratibu chini ya milango, likakaa humo, na mwishowe watu walibeba vitanda vyao kichwani ndani ya maji ya kiunoni, wakapita mbele ya biro letu. Papa Kashindi hakunigombeza. Aliniambia nisimame mlangoni niwatazame mpaka wa mwisho apite. Miaka michache baadaye alistaafu akarudi kwenye mihogo yake, akafa kwa amani, na mimi nikabaki na tarieri.

Sasa nije kwenye kesi iliyonizeesha.

Ilikuwa baada ya msimu mbaya wa mvua. Familia nyingi za Mulongwe zilikuwa zimepoteza nyumba na kulala kwenye madarasa na makanisa. Chefu wetu, mkuu wa biro, mtu mwenye haraka ambaye sitamtaja jina, alipata mahali kaskazini, kupita Kavimvira, ambapo bonde la Ruzizi linakutana na mguu wa mlima. Jina la mahali pale sitalitaja pia. Nitapaita Tambarare, kwa sababu ndivyo fomu yake ilivyoanza: “tambarare, wazi, panafaa.” Fomu ilikuwa imeshajazwa. Ilibaki saini yangu.

Nilikwenda na tarieri. Kwa macho palikuwa pazuri kweli: nyasi, udongo mweusi, kijito unachokivuka kiangazi bila kulowesha kandambili. Watu walikuwa wamekwisha kufika. Walikuwa wakifunga bashi, zile turubai za msaada, juu ya miti, na wengine walikuwa na manjanja waliyoyaokoa kwenye nyumba zao za zamani, mabati yaliyokunjamana kama karatasi. Nilichimba shimo la kwanza. Chini ya udongo mweusi, kabla mkono haujazama hadi kiwiko, chuma kikagonga mawe. Nikayatoa. Yalikuwa ya mviringo, laini kama mayai. Nikachimba la pili, la tatu, la nne, nikitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mawe yale yale. Hakuna kitu kinacholainisha mawe hivyo isipokuwa maji mengi yenye nguvu. Tulikuwa tumesimama katikati ya kitanda cha mto.

“Weye mama, uko unatafuta nini mu shimo?”

Aliyeniuliza alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mwenye nyundo mkononi na misumari mdomoni. Ndiye Mama Riziki, aliyechaguliwa na familia zile kuwa msemaji wao. Nyuma yake mumewe, Papa Bukuru, alikuwa ameketi kwenye kigoda akiendesha cherehani katikati ya uwanja mtupu, kana kwamba nyumba ingeota kumzunguka.

Nilimwonyesha mawe. Nilimweleza.

Aliitema misumari kiganjani. “Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo mto ulipita hapa. Unaweza kurudi.”

“Lini?”

“Sijui. Mwaka huu. Au wajukuu zako.”

“Mulongwe ulikuja mwaka huu, mama. Ilibeba nyumba yangu, mbuzi, na kitanda ya arusi yangu. Minye niko na batoto wane. Unanitoa hapa unanipeleka wapi?”

Akairudisha misumari mdomoni. Akarudi kupigilia.

Juu ya Tambarare, upande wa kusini, mlima una bega: uwanda mrefu ulioinuka, wenye michikichi, mbali na njia ya kijito. Nilipanda na kidumu mgongoni. Nilichimba huko pia. Udongo mwekundu, mzito, hakuna jiwe hata moja la mviringo. Chemchemi ndogo ilitoka kwenye mwamba. Pale pangefaa. Pia nilijua mwenye pale ni nani: mjomba wangu Saidi, ndugu wa marehemu mama yangu, mfanyabiashara wa Kasenga. Tangu nianze kazi nilikuwa nimejiwekea sheria ya kutochanganya biro na ukoo. Nikaandika “bega la juu ni ardhi ya mtu binafsi,” nikafunga daftari, nikashuka. Mstari ule mmoja niliuandika kwa mkono uliotulia kabisa.

Bironi niliandika hapafai. Chefu akasoma, akaiweka pembeni.

“Mama Mwamini, watu wamekwisha kujenga.”

“Nimewaona.”

“Unataka niwaambie warudi mu madarasa? Shule inafunguliwa.”

“Nataka uwaambie ukweli.”

“Ukweli hauna choo, hauna maji, hauna manjanja,” akasema, na akasaini yeye mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kuacha kazi, lakini asubuhi nikaona kwamba kuacha kusingemhamisha mtu hata mmoja. Kama hawawezi kuondoka, basi wajue kukimbia. Jumamosi nikaenda tena Tambarare, safari hii bila karatasi. Nilimkuta Mama Riziki akipanda mboga za lengalenga.

“Umekuja kutufukuza?”

“Nimekuja kupima mbio zenu.”

Alicheka kwa dharau, lakini alinisikiliza. Tulifanya hivi. Tulifyeka njia kutoka katikati ya nyumba hadi kwenye bega, upana wa watu wanne, na tulipanga mawe meupe kando yake. Tulitundika rimu ya gurudumu la lori kwenye mti, na chuma cha kuigonga. Kila nyumba ilijua ni nani anambeba nani: bibi kipofu wa nyumba ya mwisho alikuwa na vijana wawili wa jirani, na mke wa fundi baiskeli, aliyekuwa na mimba kubwa, alikuwa na mkokoteni. Unga, kiberiti na vyeti vya watoto vilikaa kwenye kidumu kimoja kilichokatwa mdomo, karibu na mlango. Huko mlimani, kwenye chimbuko la kijito, nilimtafuta Mwalimu Ruhara, anayefundisha shule ya msingi inayotazama daraja la miti. Nilimpa namba yangu na ya Mama Riziki. Nikamwomba kitu kimoja tu: daraja likiguswa na maji, apige simu.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa kichekesho. Watu walipanda wakizungumza, mmoja alirudi kuzima jiko, mbuzi akakataa kabisa. Mara ya pili walichukua nusu ya muda ule. Mara ya tano hata mbuzi alikuwa ameelewa. Papa Bukuru ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa akishonea sare watoto wa shule mbili, na kila mazoezi alifika wa mwisho, na furushi la vitambaa kifuani.

“Papa Bukuru,” nilimwambia, “siku ya kweli utaliacha hilo.”

“Mama, hii iko nguo ya benyewe,” akajibu kwa upole. “Muntu alinipa kitambaa akaniamini. Nitamwambia nini?”

Nilimpenda kwa jibu lile. Ningemkasirikia ingekuwa heri.

Simu ilikuja Jumapili, kabla ya adhuhuri, jua likiwaka juu ya Kavimvira hata lami ikanuka. Sauti ya Mwalimu Ruhara ilikuwa ikikatikakatika. “Mama, mvula ilinyesha huku tangu asubuhi. Mayi imepita juu ya daraja. Daraja imeenda. Iko inashuka na miti.” Halafu mtandao ukafa.

Nilimpigia Mama Riziki. Simu ilikuwa imezimwa. Walikuwa kwenye ibada. Nilipiga mara tatu nikikimbia barabarani na kanga ya nyumbani. Nilimsimamisha mwenye pikipiki, nikamwambia aende kama anamkimbiza mgonjwa, na kwa kweli nilionekana mgonjwa.

Tulipofika mbingu ilikuwa bluu tupu. Watu waliimba ndani ya hema la kanisa. Mtoto mmoja alikuwa akiosha sahani kwenye kijito, na nilimvuta nikamtoa, kwa maana alikuwa amesimama mahali ambapo juma lililopita maji yalikuwa ya magotini, na sasa hayakufunika hata vidole. Kijito kilikuwa kimenyamaza. Samaki mdogo alirukaruka kwenye tope.

Niliikimbilia rimu nikagonga. Wimbo ukakatika. Mama Riziki akatoka, Biblia mkononi, amekunja uso.

“Mama Mwamini, leo tena mazoezi? Siku ya Mungu?”

“Si mazoezi.”

Alitazama juu. Hakukuwa na wingu. Watu walianza kutoka nyuma yake, wengine wakicheka, wengine wakiniangalia kwa uchovu ambao nilistahili, kwa kuwa nilikuwa nimewasumbua Jumamosi nyingi. Niliona kwamba wakirudi ndani mara moja tu, sitawatoa tena. Nilinyoosha kidole kwenye kijito.

Mama Riziki alikiangalia. Alikuwa ameishi Mulongwe. Aliangusha Biblia, akanipokonya chuma, akagonga rimu kwa nguvu ambayo mimi sikuwa nayo, akapaza sauti: “Mupande! Musichukue kitu! Mupande!”

Wakapanda. Nimeona mambo mengi ya serikali yakishindwa, kwa hiyo acheni niseme lililofaulu: bibi kipofu alikuwa wa kumi kufika. Mkokoteni ulikwama kwenye jiwe na watu sita wakauinua pamoja na mama ndani yake. Papa Bukuru alipita akiwa na watoto wawili mikononi na wawili wakimshika mkanda. Nilihesabu nyumba kwa nyumba, nikaanza kupanda wa mwisho.

Katikati ya njia nilimkuta anashuka.

“Batoto beko juu,” akasema. “Narudia sare.”

Nilimshika mkono wa shati. Mlima ulikuwa umeanza kutoa sauti, si sauti ya maji, ni kama malori mengi yakipanda kilima kwa gia moja. “Papa Bukuru, hapana. Nakuomba.”

Alinitoa vidole kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu anayefungua kifungo cha nguo ya mteja. “Hapa tu, mama. Narudi.”

Nilifika juu. Niligeuka. Ukuta wa tope ulitoka kwenye mdomo wa bonde, mweusi, na miti mizima ikisimama na kulala ndani yake, na mawe makubwa kuliko nyumba yakielea kama yana wepesi. Ulipita katikati ya Tambarare, pale pale ambapo tarieri iligonga mawe. Kulikuwa na hema la kanisa, halafu hakukuwa na kitu. Hakuna aliyepiga kelele isipokuwa Mama Riziki, na yeye alipiga mara moja tu.

Tulimpata Papa Bukuru siku iliyofuata, mbali bondeni. Furushi lilikuwa bado limefungwa kwa mkanda wa suruali yake.

Juma lililofuata wageni wakubwa walikuja kutazama. Chefu alinisifu mbele yao. Kijiji kizima kimefagiwa, alisema, na amekufa mtu mmoja tu, aliyerudi kwa hiari yake. Halafu akaniita bironi akanisogezea raporti mpya, ya kurasa nyingi, yenye picha ya rimu yetu. Nilisoma mpaka mwisho. Ilisema kwamba kwa kuwa wakazi wana mfumo wa tahadhari unaofanya kazi, Tambarare inafaa kwa makazi ya kudumu, na familia zaidi zitaletwa.

Njia yangu, mawe yangu meupe, Jumamosi zangu, vyote vilikuwa vimegeuzwa sababu ya kuwarudisha watu kitandani mwa mto.

“Sisaini,” nikasema.

“Unabakiza miezi michache ustaafu. Usiharibu.”

“Sisaini, chefu.”

Kesho yake Mama Riziki alikuja. Alikuwa amefunga kitambaa cha msiba kichwani. Nilidhani amekuja kunishukuru au kunilaumu, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alikaa kwenye kiti changu kibovu, akasema:

“Sinya, mama.”

“Nisaini ile raporti?” nikauliza.

“Chefu alituambia, usiposaini, patatangazwa ni marufuku. Watakuja kuvunja hata kidogo chenye tumeanza kusimamisha. Tutarudi mu madarasa. Bwana yangu alikufa pale, na niko nakuomba usaini. Juu minye sina pengine.”

“Riziki, maji yatarudi.”

“Najua yatarudi! Nani anajua kunipita?” Alijifuta uso kwa kiganja. “Weye ulichimba kila pahali. Niambie ukweli. Hakuna kabisa pahali penye pako pazuri?”

Ningeweza kusema hakuna. Kulikuwa na karatasi nyingi za kunilinda. Badala yake nilifungua daftari langu, nikamwonyesha ule mstari.

Alisoma polepole. “Bega. Pale tulipokimbilia. Iko ya nani?”

“Ya mjomba wangu.”

“Ulijua tangu mwanzo?”

“Nilijua.”

“Na haukumuomba.”

“Sikumwomba.”

Hakunitukana. Alilifunga daftari, akanirudishia. Kisha akasimama. “Simama tuende,” akasema.

Mjomba Saidi alitupokea barazani kwake Kasenga, na kofia yake na tasbihi yake, akaagiza chai. Nilimsalimu shikamoo, nikaeleza. Alisikiliza, akakataa. Michikichi ile ilipandwa na baba yake. Watu wakiingia, alisema, kwanza wanaomba kivuli, halafu wanakata kuni.

Nilianza kumweleza habari za udongo. Mama Riziki akanikatiza.

“Mzee, minye sikuja kuomba miti yako. Siku ile tulisimama katikati ya miti yako, watu yote, na batoto. Udongo haikusogea chini ya miguu yetu. Unafikiri kuko muntu kati yetu atakata muti ule?”

Mjomba aliacha kuhesabu tasbihi. “Nani alikufa siku ile?”

“Bwana yangu.”

“Alikuwa fundi wa nguo? Bukuru?” Akageuka kunitazama mimi, si yeye. “Alinishonea kanzu ya Idi. Mwamini, ulikaa kimya na jambo hili tangu lini?”

“Tangu kabla ya mvua, mjomba.”

“Uliogopa nitakataa?”

“Niliogopa watu watasema ninatumia biro kwa ajili ya ukoo.”

“Basi ulilinda jina lako,” akasema. Si kwa ukali. Chai ilipoa. Baadaye akatoa sehemu ya bega iliyo nyuma ya michikichi, kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kwa sharti kwamba mti ukianguka upandwe mwingine.

Sehemu ile haikutosha wote. Tulipima kwa utepe wangu uliokatika, tukapima tena, na familia tatu zikabaki bila mahali; zilikwenda kwa ndugu zao. Nyumba zilikaa karibukaribu, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya bustani huko juu. Nikaandika raporti yangu ya mwisho kazini, ukurasa mmoja: Tambarare panafaa kulima, hapafai kulala, bega panafaa kulala, njia ya kati iachwe wazi. Chefu aliipokea, akaiweka pembeni, akapeleka ile yake yenye picha, kwa saini yake mwenyewe. Hakunificha.

Lakini watu hawakusubiri karatasi. Mama Riziki alikuwa wa kwanza kung'oa manjanja yake. Wengine walisema watangoja msimu mmoja waone, na walingoja, lakini kila walipomwona yeye akishuka asubuhi na jembe na kupanda jioni, walianza kung'oa pia, nyumba kwa nyumba.

Miezi kadhaa baadaye, siku zangu za mwisho, chefu alikwenda na wageni kuwaonyesha kijiji chake cha mfano, na akanichukua niwaeleze. Magari yalisimama Tambarare. Hakukuwa na nyumba hata moja. Kulikuwa na mahindi yaliyofika kifuani, maharage, mihogo ya majani ya sombe, na katikati mwanamke mmoja ameinama akipalilia. Wageni walitazama karatasi zao, wakatazama mahindi.

“Mama Riziki!” chefu akaita. “Watu wako wapi?”

Alinyooka, akaweka mkono kiunoni, akatutazama sote mmoja mmoja. Kisha akainua jembe akaelekeza juu, kwenye moshi wa majiko nyuma ya michikichi.

“Beko kwao,” akasema, akainama kuendelea na maharage yake.